Kifaa Kizima, Maelekezo Mabovu: Jinsi Mwongozo wa Matumizi Unavyoamua Sifa ya Bidhaa

Mashine ya kufulia nguo hutoka kiwandani pipa lake la ndani likiwa limekazwa kwa boliti ndefu zilizopitishwa mgongoni, mara nyingi tatu au nne. Boliti hizo ni za safari tu, ili pipa lisigongegonge kuta za mashine njiani. Mashine ikishafika, lazima zitolewe kabla ya kuiwasha, kwa sababu pipa limeundwa lining'inie kwenye springi na kucheza kidogo linapozunguka. Zikibaki, nguvu yote ya kukamua inapita moja kwa moja hadi kwenye bodi. Mashine inanguruma, inarukaruka, inahama pale ilipowekwa, na ikiendelea hivyo inaweza kuharibika kweli.

Chukua sasa mnunuzi ambaye kijitabu chake kinaanza na kurasa kadhaa za maonyo, halafu jedwali la programu za kufulia, na habari ya boliti imefichwa katikati ya sura ya ufungaji, kwa herufi ndogo, pembeni ya mchoro wa mashine isiyofanana na yake. Amechomeka plagi, amejaza nguo, amebonyeza kitufe. Mashine inapoanza kukamua, tayari ana hukumu: mashine hii ni mbovu, na walioitengeneza hawajui kazi. Ataandika hivyo kwenye maoni ya wateja, atawaambia ndugu na majirani, na siku akienda kununua friji ataipita chapa hiyo bila kuitazama mara mbili. Katika malalamiko yake yote, kijitabu hakitatajwa.

Ugumu wa suala hili uko hapo. Maelekezo ya matumizi yana nguvu kubwa juu ya maoni ya mnunuzi, ila nguvu hiyo hujitokeza kwa sura ya kitu kingine. Mtu anadhani anatoa maoni juu ya mashine, kumbe sehemu kubwa ya anachokisema kimetoka kwenye karatasi.

Bidhaa zinazorudishwa zikiwa nzima

Mwaka 2006, Elke den Ouden wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, alieleza katika utafiti wake kwamba karibu nusu ya bidhaa za kielektroniki zilizorudishwa kwa madai ya ubovu zilikuwa zinafanya kazi sawasawa. Wateja walikuwa wameshindwa kuzitumia. Mnunuzi wa kawaida nchini Marekani, alisema, huhangaika na kifaa kipya kwa dakika 20 hivi kabla ya kukata tamaa. Aliwapa hata mameneja wa Philips bidhaa mpya waende nazo nyumbani mwishoni mwa wiki, nao wakarudi wamekasirika kwa sababu zimewashinda. Kama waliomo ndani ya sekta yenyewe wanashindwa, mnunuzi wa kawaida hana sababu ya kujiona mjinga.

Muda mfupi baadaye, kampuni ya ushauri ya Accenture ilikadiria kwamba asilimia 5 tu ya vifaa vya kielektroniki vilivyorejeshwa nchini Marekani vilikuwa na hitilafu halisi. Asilimia 68 vilipopimwa havikukutwa na kasoro yoyote. Vingine vilirudishwa kwa sababu mnunuzi alijutia ununuzi wake.

Takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu, maana si kila kifaa kizima kinachorudi dukani kimerudi kwa sababu ya maelekezo. Den Ouden mwenyewe aliona kwamba chanzo cha matatizo mengi kiko mwanzoni kabisa, pale kampuni inapoamua bidhaa iwe ya namna gani. Kifaa chenye vitufe vinne vinavyofanya kazi ishirini hakiokolewi na mwongozo, hata uandikwe vizuri vipi. Lakini takwimu zinathibitisha jambo moja bila shaka: mteja anaposema "hakifanyi kazi", mara nyingi maana yake ni "nimeshindwa kukifanyisha kazi". Umbali kati ya kauli hizo mbili ndio ambao maelekezo yalipaswa kuuziba.

Lakini si watu hawasomi?

Pingamizi hili linatolewa kila mara, hasa na wakuu wa kampuni wanapoombwa bajeti ya kuandika mwongozo mzuri. Nalo lina msingi. Mwaka 1987, John Carroll na Mary Beth Rosson, waliokuwa watafiti wa IBM, walieleza tabia ya mtumiaji kwa namna ambayo bado inanukuliwa: mtu anataka kumaliza kazi yake, hataki kujifunza kifaa, hivyo anaanza kukitumia papo hapo hata kama kusoma kidogo kwanza kungemwokolea muda baadaye. Mwaka 2016, Alethea Blackler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, Australia, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miaka kadhaa yaliyoonyesha kwamba watu wengi hawasomi miongozo na wala hawatumii uwezo wote wa vifaa walivyonavyo. Waliona pia kwamba kulazimika kufungua mwongozo kunawatia watu kero.

Hilo la mwisho ndilo linalofungua fundo. Watu hawasomi mwongozo kama wanavyosoma gazeti. Wanaufungua wamekwama: taa nyekundu inawaka na haizimiki, kifuniko hakifunguki, skrubu mbili zimebaki na kabati limeonekana limekamilika. Msomaji wa mwongozo kwa kawaida ni mtu aliyechoka, mwenye haraka, aliyekwisha kuanza kuutilia shaka uamuzi wake wa kununua. Kusomwa mara chache, basi, hakumaanishi kuwa na athari ndogo, kwa sababu mara hizo chache ndizo ambazo maoni ya mtu bado yanaweza kugeuka upande wowote.

Kifaa kinapogoma, mtumiaji ana washukiwa watatu: yeye mwenyewe, kifaa, na maelekezo. Valerie Folkes, mtafiti wa tabia za wanunuzi, alionyesha mwaka 1984 kwamba hasira ya mteja na madai yake ya kurudishiwa pesa hutegemea sana anamwona nani kuwa chanzo cha tatizo. Akiona kosa ni lake, hujaribu tena au hunyamaza. Akiona ni la kampuni, hudai haki yake na huwaonya wengine. Maelekezo mazuri humwezesha kumtambua mkosaji wa kweli. Yakisema "taa ikiwaka nyekundu na kupepesa, tangi la maji halijakaa vizuri, litoe, lirudishe hadi usikie mlio", mtu anarekebisha, anaendelea, na tukio lenyewe analisahau. Yasiposema chochote, analibebesha kifaa lawama, kwa kuwa kifaa ndicho kiko mbele yake na ndicho chenye jina la kampuni.

Watafiti wa Uturuki, Osman Gök, Pervin Ersoy na Gülmüş Börühan, walilichunguza jambo hili moja kwa moja katika utafiti uliochapishwa 2019. Walichokiona kinaendana na kisa cha mashine ya kufulia: ubora wa mwongozo huathiri kuridhika kwa mteja kwa kupitia jinsi anavyouona ubora wa bidhaa yenyewe. Akiona mwongozo mzuri, bidhaa inapanda machoni pake. Akiona mbaya, inashuka. Ndiyo sababu kampuni inaweza kuwauliza wateja wake maswali mengi kuhusu kuridhika kwao na isipate hata jibu moja linalotaja kijitabu, wakati kijitabu hicho kimo ndani ya kila jibu.

Ubaya huanzia wapi

Huanza kabla ya neno la kwanza kusomwa. Mwaka 2008, Hyunjin Song na Norbert Schwarz wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwapa wanafunzi maelekezo ya zoezi fupi la viungo. Maneno yalikuwa yale yale, ila kundi moja lilipewa maandishi yenye herufi rahisi kusomeka na jingine herufi za mapambo zinazosumbua macho. Wa kwanza walikadiria kwamba zoezi litachukua kama dakika 8. Wa pili walikadiria dakika 15. Ugumu wa kusoma uligeuka kuwa ugumu wa kutenda, na waliosoma kwa shida hawakuwa tayari kama wenzao kulifanya zoezi hilo kuwa desturi yao. Sasa fikiria karatasi iliyokunjwa mara kumi na sita, imejaa lugha ishirini, kila moja ikipewa upana wa vidole viwili. Mtu akiikunjua anakiona kifaa chake kuwa kigumu hata kabla hajakigusa.

Halafu kuna mpangilio wa maneno ndani ya sentensi moja, jambo linaloonekana dogo lakini ndilo linalowaangusha watu wengi. Tazama agizo hili: "Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde tano, baada ya kuhakikisha kwamba betri imetolewa." Mtu anayesoma huku mkono uko kwenye kifaa hafiki mwisho wa sentensi. Akiona "bonyeza", anabonyeza. Agizo hilo lilipaswa kuanza na betri: itoe betri kwanza, kisha bonyeza kitufe. Sharti litangulie, kitendo kifuate, na onyo likae juu ya hatua inayohusika, si chini yake. Mwongozo ukiita sehemu moja "kifuniko" ukurasa wa tatu, "mfuniko" ukurasa wa tano na "kizibo" kwenye mchoro, msomaji ataanza kutafuta sehemu tatu. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji mtu wa kuyajali.

Tena, kusomeka si sawa na kueleweka. Ushahidi unaonisikitisha kuliko wote unatoka kwenye chupa za dawa, ambazo nazo ni bidhaa na zina maelekezo. Terry Davis na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2006 nchini Marekani, waliwapa wagonjwa lebo iliyosema wameze vidonge viwili, mara mbili kwa siku. Kati ya wagonjwa wenye uwezo mdogo wa kusoma, karibu asilimia 71 waliweza kuisoma lebo hiyo kwa sauti bila kukosea. Walipoombwa wahesabu vidonge ambavyo wangemeza kwa siku nzima, ni asilimia 35 tu hivi waliopata vinne. Kampuni inayojaribu maelekezo yake kwa kuwauliza watu "umeelewa?" haijajaribu kitu. Atakayeulizwa atasema ndiyo, kwa adabu au kwa aibu. Jaribio la kweli ni kumpa mtu ambaye hajawahi kukiona kifaa hicho boksi lililofungwa, kukaa kimya pembeni, na kuandika kila mahali anaposita.

Carroll na wenzake pale IBM walifanya majaribio ya aina hiyo miaka ya 1980, wakiwatazama watu wakijifunza kutumia programu za kuandikia. Waliona wasomaji wakiruka kurasa, wakifanya makosa, kisha wakishindwa kutoka katika makosa hayo kwa sababu kitabu kilidhani hakuna atakayekosea. Wakaandika mwongozo mwingine, mfupi mno ukilinganisha na ule wa kawaida, ulioondoa utangulizi na sifa za bidhaa, ulioanza na kazi halisi, na uliotoa nafasi kubwa kwa swali la "ukikwama hapa, fanya hivi". Waliotumia mwongozo huo mfupi walijifunza haraka zaidi na kufanya kazi vizuri zaidi. Kwangu, somo kubwa hapo ni lile la makosa kuliko lile la ufupi. Maelekezo yasiyotaja makosa yanamwambia mtumiaji, bila kusema, kwamba yeye peke yake ndiye aliyeshindwa.

Kumaliza kazi nako kuna uzito wake. Mwaka 2012, Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walichapisha majaribio yanayoonyesha kwamba mtu hukithamini zaidi kitu alichokiunga kwa mikono yake, hata kama ni boksi la kawaida la kuhifadhia vitu. Waliiita hali hiyo kwa jina la IKEA, kampuni inayouza samani ambazo mnunuzi huziunga mwenyewe kwa kufuata michoro isiyo na maneno. Wanaotaja utafiti huu mara nyingi husahau sharti lake: thamani hiyo ilionekana pale tu mtu alipofanikiwa kumaliza. Walioachia njiani hawakupata mapenzi hayo. Kwa hiyo kabati lile lile, mbao zile zile, linaweza kumfanya mnunuzi mmoja ajivunie na kumwonyesha kila mgeni, na mwingine alichukie kila anapolipita, kutegemea kama hatua ya saba kwenye mchoro ilionyesha ubao unatazama upande gani.

Kuhusu maonyo niseme kwa kifupi. Ni ya lazima, na kuna viwango vinavyoyaratibu, kama ANSI Z535 cha Marekani kinachotenganisha hatari ya kifo na hatari ya jeraha dogo kwa maneno na rangi tofauti. Tatizo ni pale wanasheria wanapoyarundika yote mwanzoni, la kweli na la kujihami pamoja. Anayeonywa asitumbukize kifaa cha umeme majini na asikitumie kama kitu cha kuchezea katika orodha moja isiyo na uzito tofauti hatalikumbuka hata moja, na atajua kwamba kurasa hizo ziliandikwa kuilinda kampuni dhidi yake.

Sheria imeshaliona hili

Wakati kampuni nyingi bado zinahesabu mwongozo kama kifungashio, sheria katika baadhi ya nchi imeuingiza ndani ya bidhaa. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 1999 kuhusu uuzaji wa bidhaa kwa walaji, uliweka kwamba mnunuzi akiunga kitu vibaya kwa sababu ya upungufu wa maelekezo, kosa hilo linahesabiwa kama kasoro ya bidhaa yenyewe. Ujerumani ililiingiza hilo katika sheria zake kuanzia 2002, na wanasheria wa huko wakakibandika kifungu hicho jina la IKEA. Nchini Marekani, mafunzo ya sheria ya madhara ya bidhaa yanataja kasoro za aina tatu: ya utengenezaji, ya ubunifu, na ya maelekezo au maonyo yasiyotosha. Kipo pia kiwango cha kimataifa cha kuandaa maelezo ya matumizi, IEC/IEEE 82079-1, kilichohuishwa mwaka 2019.

Kwa nini, basi, mabaya bado ni mengi? Sababu ninayoiamini zaidi ni ya kihesabu. Gharama ya kuandika mwongozo iko kwenye idara moja na hasara ya mwongozo mbaya iko kwenye idara nyingine. Anayeokoa fedha kwa kutoa kijitabu kimoja kwa modeli tano anasifiwa kwa kubana matumizi. Simu zinazomiminika kituo cha huduma kwa wateja, usafiri wa bidhaa zinazorudishwa, nyota moja kwenye maoni, vyote vinaandikwa kwa jina la mtu mwingine. Isitoshe, mwandishi wa mwongozo huitwa mwishoni, wakati kifaa bado kinabadilishwa na tarehe ya kuuza imeshatangazwa. Anaandika kuhusu kitufe ambacho wiki ijayo kitahamishwa. Mara nyingi hata hajapewa kifaa chenyewe akishike, amepewa michoro ya wahandisi. Ninawaonea huruma waandishi hao, kwa sababu wengi wanajua vizuri kabisa kinachotakiwa.

Kijitabu kinapohamia kwenye simu

Siku hizi ndani ya boksi unakuta kikaratasi chenye msimbo wa QR. Kuna faida ya kweli hapa. Kosa lililochapishwa kwenye karatasi hubaki ndani ya kila boksi lililokwisha kuuzwa, wakati lile la mtandaoni linaweza kusahihishwa leo. Maneno yanaweza kukuzwa na mtu mwenye macho dhaifu, yanaweza kutafutwa, na video inaonyesha mkono unavyogeuza kitu ambacho mchoro ungekieleza kwa shida. Lakini kifaa cha kuunganisha intaneti ambacho maelekezo yake yako kwenye intaneti ni mtego, na video ya dakika kumi na mbili ni ndefu mno kwa mtu anayetafuta maana ya taa moja. Kampuni isipotoa maelezo ya kutosha, mtumiaji anaenda kwa mgeni aliyejirekodi akikitumia kifaa hicho hicho, na maoni ya mgeni huyo kuhusu chapa yanaingia kichwani pamoja na maelekezo.

Hofu kubwa zaidi ni ya muda. Jokofu linaweza kuishi miaka mingi kuliko tovuti. Kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu mitambo, namba 2023/1230, itakayoanza kutumika Januari 2027, imejaribu kulijibu hilo. Inaruhusu maelekezo kutolewa kidijitali, ila yabaki mtandaoni kwa muda wote ambao mtambo unatarajiwa kutumika na yasipungue miaka 10 tangu uingizwe sokoni. Mnunuzi akitaka karatasi wakati wa kununua, apewe bure ndani ya mwezi mmoja. Na kwa mtambo unaoweza kutumiwa na mtu asiye fundi, taarifa za usalama zilizo muhimu lazima zitolewe kwenye karatasi.